Kimya Ambacho Hakikuwa cha Mzee

Tunapojifunza kunukuu mazungumzo, tunafundishwa kwamba kimya nacho ni data. Anayenukuu hupima urefu wake kwa sekunde, hukiandika kati ya mabano, kisha hujiuliza kwa nini msemaji amenyamaza. Nataka kueleza habari ya sekunde 48 za kimya zilizoingia katika rekodi ya mzee mmoja mvuvi wa Moba, kwenye Ziwa Tanganyika. Kimya hicho kilipewa maana, kikapata na mtetezi katika semina, kabla haijajulikana kwamba hakuna aliyenyamaza. Kilitokana na daraja la mtandao lililoanzishwa upya huku mzee akiwa bado anasema.

Nianze na neno lenyewe. Daraja limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kipandio au cheo. Kiswahili kimezihifadhi maana hizo na kuongeza ya kuvukia mto. Bibi yangu, aliyezaliwa na kukulia hapa Katanga, hasemi daraja; husema kilalo, neno ambalo jamaa yake katika Kibemba ni ubulalo. Sikio huvutwa kusikia kitenzi kulala ndani yake, kama gogo lililolazwa juu ya maji, ingawa sikio peke yake si ushahidi. Kwa vyovyote, daraja na kilalo vyote viwili hutufanya tufikirie kitu kisichojua kinachopita juu yake. Gogo halimjui mvukaji. Daraja la mtandao ni kinyume: kazi yake yote ni kujua nani yuko upande gani.

Hujuaje? Kwa kusikiliza. Kila kompyuta ina anwani katika kadi yake ya mtandao, na kila kifurushi kidogo cha data, kiitwacho fremu, hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Fremu ikiingia kwa mlango wa kwanza, daraja husoma jina la mtumaji na kuandika katika jedwali lake: huyu anakaa upande huu. Siku nyingine mtu akimtafuta, daraja litaipeleka fremu kwa mlango huo peke yake. Likipokea fremu ya mtu lisiyemjua, huitoa kwa milango yote, kama mpiga mbiu anayepita kila kiambo akiuliza nani mwenye barua hii. Basi daraja humjua yule tu aliyekwisha kusema. Na anayekaa kimya husahauliwa: kwa kawaida jina lisilosikika kwa sekunde 300 hufutwa katika jedwali.

Mwaka jana nilifanya staji katika ofisi moja hapa mjini inayokusanya rekodi za lugha za kusini mwa nchi yetu. Ilikuwa na seva moja tu, na ndani ya seva hiyo zilikaa kompyuta kadhaa zisizo na mwili, zile ziitwazo mashine pepe. Moja ilipokea simu za wasimulizi na kuzirekodi. Ya pili ilitunza orodha za msamiati. Ya tatu ilibeba kurasa za ofisi. Zote zilitoka nje kwa njia moja: daraja lililojengwa kwa programu ndani ya seva hiyohiyo. Mlango mmoja wa daraja ulikuwa kebo halisi ya ukutani, na milango mingine ilikuwa ya mashine pepe.

Siku ninayoisema, mtafiti wa ofisi alikuwa akizungumza na mzee kwa simu. Lugha ilikuwa Kitabwa, ile ambayo Guthrie aliipa namba M41 jirani na Kibemba, M42, na hapa na pale mzee alichanganya Kiswahili. Alikuwa ameahidi kutaja pepo saba za ziwa, moja baada ya nyingine, na namna kila moja inavyoamua kama mtumbwi utatoka au utabaki ufukoni. Mimi nilikaa meza ya pili nikipanga mafaili. Fundi wa mitambo akaingia, akafungua kompyuta yake, akasema anataka kuongeza anwani mpya kwenye daraja.

“Yaya, itachukua muda?” nikamwuliza.

“Sekunde mbili tu, mdogo wangu.”

Kwa hesabu ya daraja, alisema kweli. Alilishusha na kulipandisha tena, na seva ikajibu kwamba kila kitu ni kizima. Lakini kulishusha daraja la namna ile ni kulibomoa, na kulipandisha ni kujenga jingine kwa kufuata faili la mipangilio. Faili hilo lilitaja mlango mmoja tu, kebo ya ukutani. Milango ya mashine pepe haikuandikwa humo, kwa sababu kila mashine hufungua mlango wake yenyewe siku inapowashwa. Daraja jipya likaamka na kebo yake, likiwa halijui kwamba kuna watu waliokuwa wameegemea lile la zamani. Mashine za ndani nazo hazikujua kwamba zimetengwa. Kila moja iliendelea kuona kadi yake ya mtandao ikisema: umeunganishwa.

Nilimsikia mtafiti akisema: “Alo? Mzee? Alo, uko?” Fundi akainua kichwa, akaelewa, akaanza kuirudisha milango kwa mkono, mmoja mmoja. Hapo tukakutana na subira ya pili, ambayo ina historia yake.

Mtandao wenye madaraja mengi unaweza kufunga duara bila mtu kukusudia, na fremu ikiingia katika duara haina kitu cha kuihesabia umri. Huzunguka na kuzaana mpaka njia yote izibe. Mwaka 1985 Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu wa kuyafanya madaraja yapange njia zao kama matawi ya mti, kwa sababu tawi halirudi kwenye shina kwa njia ya pili. Wanafunzi wa fasihi watapenda kujua kwamba aliueleza pia kwa shairi, “Algorhyme”, alilolitunga kwa kuiga shairi la Joyce Kilmer juu ya miti. Katika utaratibu huo wa awali, mlango mpya haurusiwi kupitisha kitu mara moja. Kwa sekunde 15 husikiliza kama kuna madaraja mengine. Kwa sekunde 15 zaidi hujifunza majina ya waliopo. Ndipo hupeleka. Kuna toleo la haraka tangu 2001, lakini daraja la ofisi ile lilifuata utaratibu wa zamani.

Hesabu basi: sekunde 2 za kujenga upya, sekunde 16 za kushtuka na kuandika amri, sekunde 30 za kusikiliza na kujifunza. Jumla 48. Fundi alihesabu zile mbili za chombo. Waliokuwa wakizungumza walilipa zote.

Nao hawakulipa sawasawa. Katika meza ya tatu mwenzetu alikuwa akipakia orodha ya msamiati kwenye mashine ya pili. Kazi yake ilisimama, kisha ikaendelea, na hakupoteza herufi hata moja. Faili lake lilisafiri kwa itifaki ya TCP, ambayo hutia namba katika kila kipande na kungoja ijibiwe. Isipojibiwa, hutuma tena, na kila mara huongeza subira mara mbili. Tuseme inaanza na sekunde 1: itarudia katika sekunde ya 1, ya 3, ya 7, ya 15, ya 31, ya 63. Daraja likirudi katika sekunde ya 48, mtumaji hana habari. Atakaa kimya sekunde 15 zaidi, kwa sababu zamu yake ya kuuliza bado. Ndiyo maana baada ya mtandao kupona watumiaji hulalamika kwamba bado umekufa. Njia imefunguka, lakini wasafiri wangali wamelala kwenye vituo walivyolala.

Sauti haikuwa na subira hiyo. Sauti ya simu hukatwa vipande vya milisekunde 20, hamsini kwa kila sekunde, na kila kipande hutumwa mara moja tu. Hairudiwi, maana silabi inayofika ikiwa imechelewa nusu dakika haiwezi kuingizwa katikati ya mazungumzo yaliyokwisha kusonga mbele. Kwa sekunde 48, vipande 2,400 vya sauti ya mzee vilifika seva vikakosa mlango wa kuingilia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee mwenyewe hakuona lolote. Simu yake haikukatika, aliendelea kusema. “Alo, uko?” ya mtafiti haikumfikia, na wala haikuingia katika rekodi, kwa kuwa chombo cha kurekodi kilikuwa ndani ya mashine iliyotengwa. Chombo hicho kiliendelea na kazi kwa uaminifu. Kwa kuwa hakikupokea sauti, kiliandika ukosefu wa sauti, sekunde baada ya sekunde.

Miezi ikapita. Mtafiti yule alihamia kazi nyingine, na nakala za rekodi zikatufikia sisi wanafunzi kwa mazoezi ya kunukuu. Mwenzangu mmoja, ambaye ninamheshimu kwa umakini wake, alipewa rekodi ya pepo. Katika semina alituonyesha alichokipata: mzee anaahidi pepo saba, anataja tano, ananyamaza sekunde 48, halafu anarudi akizungumza habari za nyavu. Pepo mbili hazitajwi. Tunajua kwamba katika mazungumzo ya lugha nyingi pengo kati ya msemaji na msemaji ni kama milisekunde 200. Hapa tulikuwa na mapengo 240 yaliyopangwa mstari mmoja. Mwenzangu alisoma Keith Basso, aliyeonyesha mwaka 1970 kwamba kwa Waapache wa Magharibi kimya ni namna ya kusema pale ambapo uhusiano wa watu haujulikani utaelekea wapi. Akasoma pia neno lenyewe. Katika nukuu ya Kiswahili aliandika pepo, na pepo kwetu ni wingi wa upepo, tena ni kiumbe kinachompanda mtu. Hoja ikajijenga karibu peke yake: pepo mbili za mwisho ni mwiko, na mzee ananyamaza ili asiziite.

Ilikuwa hoja nzuri. Wengi tulitikisa kichwa. Kilichonisumbua ni tarehe iliyoandikwa kwenye jina la faili, pamoja na jambo dogo ambalo mwenzangu alilitaja na kulipita: mzee anaporudi, anarudi katikati ya neno. Mtu aliyenyamaza kwa heshima huanza tena kwa pumzi, kwa kukohoa, kwa “basi” au “sasa”. Haanzi na silabi ya pili.

Tulifungua faili katika Praat, programu ya Boersma na Weenink ambayo sote tunaitumia katika kozi ya fonetiki. Kabla ya kimya kulikuwa na jogoo, mtoto aliyelilia kitu mbali, pumzi ya mzee karibu na simu, na mvumo ambao labda ni ziwa. Ndani ya zile sekunde 48 hapakuwa na jogoo wala pumzi. Mstari ulilala kwenye sifuri kamili kutoka mwanzo hadi mwisho, na picha ya masafa ilikuwa nyeupe kama karatasi. Binadamu hawezi kunyamaza hivyo. Anaponyamaza, nyumba yake huendelea kusikika.

Niliwaandikia watu wa ofisi ile, nao wakatutumia daftari la matukio la seva. Mfumo wa Linux huandika kila hatua ya mlango wa daraja pamoja na saa yake. Tulisoma mistari mitatu juu ya mlango wa mashine ya simu: umeingia hali ya kusikiliza, sekunde 15 baadaye, hali ya kujifunza, sekunde 15 baadaye, hali ya kupeleka. Sekunde ya mstari wa tatu ndiyo sekunde ambayo sauti ya mzee inarudi.

Mwenzangu alimpigia mzee mwenyewe, kwa simu ya mjukuu wake. Alimsalimia, akamwuliza kwa adabu kama kuna pepo ambazo haipendezi kuzitaja. Mzee akacheka. “Mimi nilizisema zote, mwanangu. Ninyi ndio mlikuwa mmetoka.” Akazitaja zile mbili papo hapo. Tulipomwomba arudie na kisa alichokisimulia siku ile juu ya upepo wa sita, akajibu kwamba kisa hicho amekwisha kukisema. Majina tunayo sasa. Kisa hatuna.

Nimefikiri sana juu ya “mlikuwa mmetoka”. Jakobson, mwaka 1960, aliiorodhesha kati ya kazi sita za lugha ile ya kuhakikisha kwamba njia ya mawasiliano iko wazi. Watu wa mji huu tunaifanya kila siku: alo, uko, unanisikia, rezo imekatika. Sacks, Schegloff na Jefferson wametufundisha kwamba mazungumzo yana zana za kujitengeneza yanapoharibika. Zana hizo, kama ile itifaki inayorudia kutuma, hudai jambo moja: mmoja wa wasemaji atambue kwamba kuna kilichopotea. Siku ile aliyetambua alikuwa mtafiti, na sauti yake ndiyo ambayo haikuwa na njia. Mzee hakutambua. Chombo cha kurekodi hakikutambua. Faili halikubeba alama yoyote, na faili ndilo lililotufikia.

Nimejifunza kwamba dawa ipo na si ghali. Mafundi wanazo programu ambazo hazibomoi daraja. Hulinganisha mipangilio mipya na iliyopo, zikabadilisha tofauti peke yake, na milango iliyo wazi ikabaki wazi. Pale ambapo kubomoa hakuepukiki, fundi anaweza kutazama kwanza nani anazungumza na kungoja amalize, kama dereva wa basi anavyongoja mama ashushe mzigo. Vipande vya sauti vyenyewe vina namba za mfuatano, hivyo chombo cha kurekodi kinaweza kuandika “hapa vimepotea vipande 2,400” badala ya kuandika kimya. Na sisi, tunapokusanya sauti za mbali, tunaweza kumwomba kijana aliye karibu na mzee arekodi kwa simu ya pili iliyowekwa mezani. Rekodi ya mezani haipiti darajani.

Kwa upande wa nukuu, mwenzangu na mimi tumependekeza kwa wanasemina alama mbili tofauti. Moja ni ya kimya cha msemaji, iandikwe na kujadiliwa kama tulivyozoea. Nyingine ni ya pengo la rezo, iandikwe pamoja na ushahidi wake, na isipewe maana yoyote. Kimya chochote kinachozidi sekunde 3 katika rekodi ya simu kikaguliwe katika Praat kabla ya kuwekwa upande mmoja au mwingine. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Mwenzangu ameanza kupitia upya rekodi nyingine za ofisi ile, na katika wiki ya kwanza amekuta mapengo mawili yenye sifuri tupu. Moja lilikuwa limekwisha kuandikiwa tanbihi juu ya huzuni ya msimulizi. Kabla ya kuuliza kwa nini mtu amenyamaza, inatupasa kuuliza kama kweli amenyamaza.